Nani Kapitisha?

Kama uko kwenye daladala umebanwa kona na huwezi hata kufungua ukurasa wa pili, pole, baki hapa hapa, panakutosha. Wiki hii sina habari za mapenzi. Wale mlioniandikia mkitaka ushauri juu ya mabinti wa chuo na wababa wenye magari, vuteni subira, foleni yenu ipo. Leo nina swali moja tu, ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam analiuliza angalau mara moja kwa mwezi na hakuna anayengoja jibu lake. Nani kapitisha?

Unaamka asubuhi unakuta barabara yenu ya njia mbili imekuwa ya njia moja. Nani kapitisha? Mtoza ada ya taka anakuja na stakabadhi mpya, bei mpya. Nani kapitisha? Kituo cha bajaji kimehamishiwa ng'ambo ya pili, mbele ya duka la mtu ambaye hakuulizwa. Kijiweni kila mtu ana jibu lake, na jibu lenyewe mara nyingi ni "wakubwa". Ukibana zaidi utaambiwa ni "Jiji". Hilo neno, bwana, lina kazi nyingi kuliko "kitu". Mgambo akibeba meza ya mama ntilie, ni Jiji. Mtaro ukiziba, Jiji. Taa ya barabarani ikizimika, Jiji. Nimewahi kumsikia jamaa akililaumu Jiji kwa mvua.

Sasa ngoja niwape la kwanza, la bure. Wewe unayekaa Sinza, ukimtukana Meya wa Jiji umekosea anwani. Sinza iko Manispaa ya Ubungo. Mbagala ni Temeke. Mwananyamala ni Kinondoni. Na ukinunua umeme ukakuta LUKU imekukata kodi ya jengo, usimwandame diwani wako, maana hiyo ilipitishwa Dodoma kwenye Bunge. Ilianza kukatwa kwenye umeme Agosti 2021 ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Diwani wako aliisikia redioni kama wewe.

Mji wetu huu ulipewa hadhi ya jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja tu baada ya Uhuru. Mwaka mmoja kabla ya hapo ulikuwa umepata Meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye wengi tulikutana naye shuleni kama mshairi na wala hatukuambiwa kwamba aliwahi kuongoza vikao vya mitaro na masoko. Baada ya hapo halmashauri yenyewe imevunjwa mara tatu. Mara ya kwanza ni mwaka 1974, enzi za Madaraka Mikoani, kazi zake zikachukuliwa na serikali. Huduma zikadorora, mlipuko mkubwa wa kipindupindu nao ukatokea 1977, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mara ya pili ni 1996, Waziri Mkuu Sumaye alipoivunja na mahali pake ikakaa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi mwaka 2000. Hapo ndipo tukagawanywa Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yao likawekwa Jiji. Ubungo na Kigamboni zikaja baadaye. Mara ya tatu ni Februari 2021. Rais Magufuli alisema baraza lile la Jiji halikuwa na eneo lake lenyewe la kuhudumia, akalivunja, akaipandisha Ilala kuwa Jiji. Kwa hiyo leo Jiji la Dar es Salaam, kwa maana ya halmashauri, ni ile Ilala ya zamani. Tabata mko ndani. Sinza, nimeshawaambia.

Historia basi, yasije kuwa ya mwalimu wa zamu. Nilitaka tu uone kwamba wakubwa wamehangaika sana na swali la nani apitishe. Sisi vijana hatujawahi hata kwenda kuangalia inavyopitishwa.

Mimi nilikwenda. Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi, narudia, ya wazi. Mwananchi yeyote anaweza kuingia akakaa pembeni akasikiliza. Huhitaji kadi ya chama wala shati la kuchomekea, ingawa kuchomekea kunasaidia mlangoni. Halmashauri niliyokwenda siitaji, maana naamini ningekuta yale yale kwa jirani.

Niliingia pamoja na wazee wanne, waandishi wawili na mama mmoja aliyedhani ni foleni ya vitambulisho. Mara tukasimamishwa, Meya huyo anaingia, joho refu, mkufu kifuani. Nilijikuta nimenyooka kama niko paredi shuleni. Madiwani nao wamevaa majoho, wamejipanga. Wengi ni wa kata, waliopigiwa kura na watu wao. Wengine ni kina mama wa viti maalumu, na wabunge wa eneo lile nao ni wajumbe japo siku hiyo viti vyao vilikuwa vinapumzika. Pembeni ya Meya amekaa Mkurugenzi. Huyu hachaguliwi na mtu pale, anateuliwa na Rais, hana kura, yeye ndiye katibu wa kikao. Msikariri vyeo, lakini huyo wa pembeni mkumbukeni, nitarudi kwake.

Kila diwani alikuwa na kabrasha mbele yake, nene kama matofali mawili ya block. Ajenda ya kwanza kufungua kikao. Ya pili kuthibitisha ajenda. Ya tatu kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Halafu "yatokanayo", neno ambalo nalipenda sana, linafaa kuwa jina la bendi ya taarabu. Kwenye muhtasari kulikuwa na tarehe iliyokosewa na jina la mheshimiwa mmoja lililoandikwa vibaya. Jamani! Tulikaa hapo. Mmoja akaomba mwongozo, mwingine akaomba utaratibu, wa tatu akaomba amsaidie aliyeomba mwongozo. Saa ya ukutani inatembea. Baadaye zikaja taarifa za kata, na hapo nilifurahi, maana watu walisema mambo: daraja la miguu limevunjika watoto wanavushwa mgongoni, zahanati haina choo, shule ina vumbi badala ya sakafu. Mkuu wa idara anasimama, anajibu kwa upole, anasema limepokelewa.

Kisha ikaja taarifa ya Kamati ya Fedha. Nikakaa vizuri, nikatoa kalamu, nikijua sasa ndio kasheshe lenyewe, mamilioni haya. Ukurasa fulani hadi ukurasa fulani. Kuna swali? Moja, dogo. Wanaoafiki waseme ndiyo. "Ndiyooo." Wasioafiki? Kimya. Wameafiki. Nilikuwa sijamaliza kuandika tarehe.

Wakati wa chai nikamsogelea diwani mmoja mtu mzima, mvi kichwa kizima, nikamuuliza kwa heshima zote, "Shikamoo mzee. Samahani, mbona tarehe mmeigombea nusu saa na pesa mmezipitisha kabla sijameza mate?"

Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Marahaba. Mdogo wangu, wewe umekuja kuangalia harusi. Mahari ilijadiliwa wiki ile kule kwenye kamati. Hapa ni ukumbini, tunakata keki."

Msomaji wangu, miaka yangu yote minne ya sekondari hakuna mwalimu wa Uraia aliyewahi kunielewesha kama yule mzee na kisahani chake. Baraza zima hukutana kwa kawaida mara moja kila robo mwaka. Katikati ya hapo ndipo zinakaa kamati. Ya Fedha, anayoiongoza Meya mwenyewe, inakutana kila mwezi. Iko ya Mipango Miji na Mazingira, na nyingine za uchumi, afya, elimu. Huko kwenye kamati watu ni wachache, waandishi hawaingii, majoho hakuna, na maneno yanasemwa. Mtu anamwambia mwenzake hili kwangu halipiti. Mwenzake anajibu na lako la mwaka jana je? Wanavutana, wanapatana, wakifika ukumbini wamesharudi wamenyooka. Anayeanzisha vurugu kwenye Baraza mara nyingi ni yule ambaye hakuwa kwenye kamati, au alikuwepo akashindwa.

"Na mshenga ni nani?" nikamuuliza mzee, maana mfano wake ulishaninogea.

"Mtaalamu," akasema, akaonyesha kwa kidevu meza ya wakuu wa idara, pale kwa Mkurugenzi. "Ile karatasi ya kamati haijiandiki. Kuna mtu ofisini ameandika: napendekeza hivi. Sisi tunaweza kuibadilisha, tunaweza kuikataa. Lakini siku yenye karatasi kumi na tano, nyingi zinapita kama alivyoziandika yeye."

Hapo ndipo nilipomwelewa yule wa pembeni asiye na kura. Mwenye kura mnamjua, ana mabango. Mwenye kalamu anapita barabarani anakula mahindi ya kuchoma wala hampishani.

Lakini yule mtaalamu naye hatoi wazo kichwani mwake usiku. Na hili ndilo lililonifanya niandike wiki hii, maana limetokea mtaani kwetu.

Sisi tuna kiwanja. Si kiwanja cha maana, goli moja ni miti na goli la pili ni matofali, lakini ndipo palipo na ligi ya mtaa, ndipo ilipo mbuzi ya Krismasi na jezi za wafadhili. Pembeni yake kuna kijiwe cha mafundi simu, bodaboda na wale ambao kazi yao hakuna aijuaye. Siku moja tipa likamwaga matofali na mchanga kwenye kona ya goli la miti. Kufika jioni, habari imeenea kwamba panajengwa kizimba cha taka. Kwamba taka za mitaa mitatu zitakusanywa pale zingoje lori. Kijiwe kikalipuka! Nani kapitisha? Diwani ameuza kiwanja! Mwenyekiti wa mtaa amekula! Mkurugenzi ana shemeji mwenye tenda! Ndani ya saa moja watu wanne tofauti walikuwa wameshahongwa, na hakuna aliyekuwa na jina wala risiti.

Asubuhi nilikwenda ofisi ya mtaa. Mtendaji wetu ni mama mmoja mkimya, ana meza moja, mhuri mmoja na daftari la kaunta lenye jalada gumu. Nikamuuliza. Hakukasirika hata kidogo. Akalifungua daftari, akalamba kidole, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaligeuza upande wangu. Mkutano wa wakazi wa mtaa, Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mwembe. Ajenda ya nne: uchafu kutupwa mtaroni. Azimio: mtaa utenge eneo la kizimba. Eneo lililopendekezwa: kona ya uwanja wa wazi, kwa kuwa lori linafika na hakuna nyumba iliyo karibu sana. Na chini yake sahihi za waliohudhuria. Nikapita jina kwa jina. Wazee wa nyumba, mabibi, kina mama wa vikoba, balozi wa zamani, baba mwenye mashine ya kusaga. Katika vijana niliwatambua watatu, na mmoja wao nilipomuuliza baadaye alisema alikuwa amefuata barua ya utambulisho ya benki, akakuta mkutano, akasaini akidhani ni foleni.

Kwa hiyo nani kapitisha? Bibi yako kapitisha. Na kapitisha akiwa na sababu. Mvua za mwaka ule mtaro uliziba kwa mifuko na nepi, maji yakaingia vyumbani, yeye akalala juu ya meza. Akasema taka zitoke mtaroni, ziwekwe mahali pamoja. Mahali gani? Akaangalia mtaa wake wote, akaona pale ambapo kwa macho yake hakuna kitu zaidi ya watoto wanaopiga kelele jioni. Sioni kosa la bibi. Hakuna aliyesimama kumwambia kwamba ile kona ni goli.

Baada ya pale azimio likapanda. Likaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Likaunganishwa na ya mitaa mingine. Likafika kwa mtaalamu wa usafi na mazingira, akaliandikia karatasi yake, "napendekeza". Likaingia kamati, likaingia bajeti, likafika ukumbini kwenye keki. "Ndiyooo." Safari nzima ilichukua karibu mwaka, na katika mwaka huo kijiwe kilikuwa pale pale, hatua hamsini kutoka ofisi ya mtaa, kinajadili usajili wa Simba na Yanga.

Nilipowapelekea habari hizi wakanikasirikia mimi. Lakini waliponyamaza nikawasimulia kisa cha Tabata, na nyinyi nitawasimulia, maana wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

Miaka ya 1980 taka za Dar es Salaam zilikuwa zinamwagwa Tabata. Dampo zima, moshi usiku na mchana, katikati ya watu. Sasa mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu, lakini ilibidi kungoja hadi 1988 ndipo mwananchi aweze kuzidai mahakamani. Na mwaka ule ule wa 1988 wakazi wa Tabata wakaenda Mahakama Kuu kulishtaki Jiji. Watu wa kawaida, hawa hawa wa kwenye daladala. Mahakama ikasema dampo lifungwe, Jiji litafute kwingine. Jiji likaomba muda. Likapewa. Likaomba tena. Muda unakwisha, moshi uko pale pale. Mwaka 1991 Jiji liliporudi tena kuomba kuongezewa, Jaji Lugakingira akakataa. Alieleza kwamba kuwarundikia watu uchafu namna ile ni kuyachezea maisha yao, na maisha yanalindwa na Katiba, ibara ya 14. Mtaa ukawa umeishinda halmashauri kwa kutumia ibara ya haki ya kuishi. Ningekuwa mtunga sinema ningeishia hapo, muziki unapanda, watu wanakumbatiana.

Ila sinema iliendelea. Taka za Tabata hazikuyeyuka, malori yakageuza usukani kwenda Kunduchi Mtongani. Na Mtongani nako kulikuwa na watu! Tena eneo lenyewe, kwa ramani kuu ya mji ya mwaka 1979, lilikuwa la makazi. Yaani ramani inasema hapa wakae watu, lori linasema hapa namwaga. Wakazi wa Mtongani nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka huo huo wa 1991, nao wakashinda. Malori yakageuza tena. Miaka ya 1990 yakawa yanakwenda Vingunguti. Baadaye Mtoni. Baadaye Pugu Kinyamwezi.

Nikiisoma hiyo orodha nahisi kama naangalia lori moja linalozunguka mji mzima miaka ishirini likitafuta mtaa ambao hautasema kitu. Waliosema walisikilizwa na mahakama, na nawavulia kofia. Lakini wakili ni pesa, kesi ni miaka, na wakati wote huo watoto wanakohoa. Na kila mtaa uliposhinda, mzigo ulihamia kwa jirani ambaye hakuwepo kwenye kesi. Mimi ningependa kujua jambo moja dogo: siku ile karatasi ya kuhamishia taka Mtongani ilipoandikwa, aliyeiandika aliifungua ile ramani? Na mezani palikuwa na mtu yeyote wa kumwambia, "Mheshimiwa, pale wanaishi watu, mimi mmojawapo"?

Halafu kuna jingine, linahusu mfuko wako moja kwa moja. Vijana wa kijiwe chetu wanalia mtaji kila siku. Sheria tangu 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya ripoti ya CAG kufichua madudu, vikundi hewa na mikopo isiyorudi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hata hiyo haigawiwi na mjomba wa mtu barabarani. Ni karatasi. Kikundi kinajulikana mtaani, kinapita kata, kinajadiliwa kwenye kamati. Nilimuuliza mtendaji wetu vikundi vingapi vya vijana vimewahi kuleta maombi kwake. Akaangalia dari muda mrefu kidogo. Vya kina mama akavitaja kwa majina, bila kufungua daftari.

Sasa kizimba. Nilimuuliza yule mama, imeshapita hadi Baraza, si ndio basi? Akaniambia kilichopandishwa na mkutano kinaweza kufuatwa na mkutano, alimradi tofali halijawa ukuta. Tukaandika barua, kurasa moja na nusu. Hatukuandika kwamba hatutaki kizimba, maana bibi angetushinda kwa hoja na kwa bakora. Tuliandika kwamba kihamie nyuma ya ukuta wa soko, ambako lori linafika pia na taka za soko tayari ziko pale, na kwamba vijana tutasimamia siku za lori. Kuhusu hilo la kusimamia kijiwe kilibishana mpaka saa tano usiku. Fundi simu mmoja akatishia kujitoa kwenye kijiwe kabisa, akarudi asubuhi maana meza yake iko pale pale.

Mkutano wa mtaa uliitishwa. Walikuja vijana wengi mpaka viti vya msibani vikaazimwa. Bibi mmoja alisimama akasema amefurahi kutuona, alidhani mtaa huu una wazee tu na pikipiki. Kisha akaupinga mpango wetu. Anasema nyuma ya soko ni mbali kwa mtu wa magoti kama yeye, na kwamba nani atabeba ndoo yake ya taka? Kimya. Kijana mmoja wa bodaboda akasema yeye atabeba. Bibi akauliza, kila siku? Akasema kila Jumatano na Jumamosi. Mtendaji akaandika hilo kwenye daftari, kwa jina lake, na jamaa akashtuka kidogo alipoona kalamu inatembea kweli.

Azimio jipya limepanda kata. Matofali yako pale pale, hayajajengwa wala hayajaondolewa, na Jumapili watoto waliyatumia kama jukwaa la mashabiki. Karatasi inangoja Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya robo hii, na sisi hatuingii humo, ila diwani wetu ameahidi kutueleza ilivyokuwa. Tumemwambia tutamngojea getini.

Kwa mliouliza mwaka wa fedha: unaanza Julai 1. Mitaa huwa inapeleka vipaumbele vyake miezi mingi kabla ya hapo, kabla hata hujafikiria nguo ya Pasaka. Tangazo la mkutano hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, mara nyingi chini ya tangazo la mganga wa nguvu za kiume, kwa hiyo angalieni vizuri.

Wiki ijayo narudi kwa mabinti wa chuo na wababa wenye magari. Barua zenu ninazo. Na yule wa Temeke aliyeniandikia kurasa saba, punguza kaka, gazeti lenyewe halina nafasi hiyo. Wasalaam.